Ruhusa za faili la kufuli: mwongozo kamili kwa seva ya ghala la korosho

Kuanzia Oktoba, msimu wa korosho ukishafunguka, kompyuta ya ghala kuu pale Mtwara mjini haipumziki. Malori ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) yamejipanga tangu alfajiri, mizani inatuma uzito wa kila mzigo, karani anafunga hesabu ya siku ili orodha ya mnada itoke, na kila baada ya dakika kadhaa kuna skripti inayopeleka takwimu Dar es Salaam. Hizo ni programu tatu, na zote zinagusa faili moja la siku. Mbili zikiandika kwa pamoja, uzito wa lori la Nanyamba unaweza kuishia kwenye stakabadhi ya lori la Nanguruwe, na hapo mkulima hatakuelewa ukimwambia habari za kompyuta.

Dawa yake inajulikana: faili la kufuli. Programu inayotaka kuandika inashika kufuli kwanza, nyingine zinasubiri. Mafunzo mengi huishia hapo. Suala la nani anaruhusiwa kulifungua hilo faili la kufuli huachwa lijiamulie lenyewe, mpaka siku inapotokea `Permission denied` saa mbili asubuhi, foleni imefika barabarani, na mtu anapiga `chmod 777`, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, ili kazi iendelee. Kazi inaendelea kweli, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote mwenye akaunti kwenye seva ile anaweza kulisimamisha ghala zima kwa amri moja.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni kwamba ruhusa za kufuli hupangwa kabla faili halijaundwa, na ikiwezekana programu yenyewe isiliunde kabisa. Mifano ni ya Linux, hasa Debian na Ubuntu. Majina `mizani`, `tuma` na `karani` ni ya watumiaji wa mfano. Badilisha yaendane na yako.

Hatua ya 1: Tambua aina ya kufuli lako

Kuna aina tatu, na ruhusa zina maana tofauti katika kila moja.

Ya kwanza ni kufuli la kuwepo tu: faili likiwepo, kuna mtu ndani, lisipokuwepo, ingia. Programu huliunda kwa bendera `O_CREAT` (unda kama halipo) pamoja na `O_EXCL` (shindwa kama lipo), na kerneli, kiini cha mfumo, inahakikisha ni mmoja tu anayefanikiwa. Hapa ruhusa ya maana ni ya folda, kwa sababu kuunda na kufuta faili ni kuiandika folda. Udhaifu wake unaonekana programu ikifa ghafla: faili linabaki, na kila anayekuja anadhani bado kuna mtu.

Ya pili ni `flock` au `fcntl`. Faili linakuwepo muda wote, kufuli lenyewe liko ndani ya kerneli. Programu ikifa, kufuli linaachiwa lenyewe. Kwa seva ya ghala ninaipendekeza hii bila kusita.

Ya tatu ni kufuli ambalo baadaye linageuka kuwa faili lenyewe: unaandika kwenye `bei.conf.lock`, ukimaliza unalibadilisha jina kuwa `bei.conf`. Git inafanya kazi hivi. Hii ina mtego wake, nitaufikia.

Hatua ya 2: Amua nani ana haki ya kushika

Kabla ya namba yoyote ya ruhusa, andika orodha ya watumiaji wanaohitaji kufuli. Kwetu ni watatu. Waweke kwenye kikundi kimoja:

```
sudo groupadd --system ghala
sudo usermod -aG ghala mizani
sudo usermod -aG ghala tuma
sudo usermod -aG ghala karani
```

Usisahau `-a`. Ukiandika `-G` peke yake, mtumiaji anatolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote, na `mizani` akitoka kwenye `dialout` hataweza tena kusoma waya wa mizani.

Jambo jingine linalopotezea watu asubuhi nzima: uanachama mpya hauingii kwenye kikao kilichokwisha kufunguliwa. Ukiandika `id karani` utaona `ghala` ipo, kwa sababu amri hiyo inasoma orodha ya mfumo. Karani mwenyewe akiandika `id` tu, bila jina, haioni. Atoke aingie upya, na huduma zinazojiendesha ziwashwe upya.

Hatua ya 3: Elewa umask inavyokula ruhusa

Programu ikiunda faili inaomba ruhusa fulani, kwa kawaida 0666, yaani kila mtu asome na aandike (tarakimu tatu za mwisho ni za mmiliki, kikundi na wengine; 4 ni kusoma, 2 ni kuandika, 1 ni kuendesha, au kupita kama ni folda). Kisha umask ya mchakato huo, yaani namba ya ruhusa za kuzimwa, inafuta baadhi ya biti. Umask 022 inafuta kuandika kwa kikundi na kwa wengine, inabaki 0644. Umask 077 inabakiza 0600. Wengi hudhani ni kutoa kwa hesabu ya kawaida, lakini 0666 ukitoa 027 unapata 0637, namba isiyo na mantiki; jibu la kweli ni 0640. Umask inazima biti zilizowaka na haiwezi kuwasha iliyozimwa.

Shida inaanzia kwenye ukweli kwamba kila njia ya kuendesha programu huja na umask yake. Kwenye Ubuntu, karani aliyeingia kwenye terminali mara nyingi ana 002. Kazi ya cron (programu inayoendesha kazi kwa ratiba) inaweza kuwa na 022. Sudo nayo huongeza 022 juu ya ile uliyokuwa nayo. Kwa hiyo skripti ileile, faili lilelile, linazaliwa na ruhusa tofauti kutegemea ni nani aliyewahi asubuhi hiyo. Akiwahi karani, faili linakuwa 0664 na wenzake wanapita. Ikiwahi cron, linakuwa 0644, na programu zinazofungua kwa kuandika zinagoma. Ndiyo maana hitilafu hizi huonekana kama mashetani: leo ipo, kesho haipo.

Ukitaka kujua umask ya programu inayoendelea kukimbia, usikisie:

```
grep Umask /proc/4312/status
```

Weka PID yako (namba ya mchakato) badala ya 4312. Mstari huo upo tangu kerneli 4.7.

Hatua ya 4: Panga folda kwanza, kisha faili

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote. Ghala lina geti na lina milango ya ndani. Folda ndiyo geti. Asiyeruhusiwa kupita kwenye folda hata likiwa faili ni 0666 haligusi. Na mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda anaweza kulifuta faili hata kama hana ruhusa yoyote juu ya faili lenyewe.

Kwa kufuli la aina ya `flock`, mpangilio ninaoutaka ni huu: folda ni ya root (mtumiaji mkuu wa mfumo), kikundi kinapita lakini hakiundi wala kufuta kitu, faili limeshatengenezwa tayari, na kikundi kinaruhusiwa kulifungua kwa kusoma na kuandika. Kwa kuwa `/run` iko kwenye kumbukumbu na inafutika mashine ikizimwa, mwachie systemd (msimamizi wa huduma za mfumo) aitengeneze kila inapowaka. Unda faili `/etc/tmpfiles.d/ghala.conf`:

```
d /run/ghala           0750 root ghala -
f /run/ghala/siku.lock 0660 root ghala -
```

Kisha, bila kuzima mashine:

```
sudo systemd-tmpfiles --create /etc/tmpfiles.d/ghala.conf
stat -c '%A %U:%G %n' /run/ghala /run/ghala/siku.lock
```

Unatakiwa kuona:

```
drwxr-x--- root:ghala /run/ghala
-rw-rw---- root:ghala /run/ghala/siku.lock
```

Angalia tulichopata. Umask ya cron haina neno tena, maana cron haiundi chochote. Aliyetumia sudo hawezi kuacha faili la root lenye 0644. Hakuna wa kulifuta kwa bahati mbaya. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, mashine ikiwaka kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa.

Kwa nini 0660 na si 0644, ilhali wengine wanaweza tu kusoma? Kwa sababu kwenye diski ya ndani `flock` haijali kama faili limefunguliwa kwa kusoma au kuandika. Mtu mwenye ruhusa ya kusoma tu anaweza kushika kufuli la kipekee na kulala nalo:

```
flock /run/ghala/siku.lock sleep 36000
```

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo aliyepewa akaunti ya kuchapisha ripoti anaweza kufanya hivyo, hata bila nia mbaya. `fcntl` ni kali zaidi kidogo: kufuli la kuandika linadai faili lifunguliwe kwa kuandika. Hata hivyo aliyeshika kufuli la kusoma bado anamzuia anayetaka kuandika. Kwa vyovyote, ruhusa ya kusoma kufuli si ya kugawa ovyo.

Kama mafaili yako yako kwenye NFS (diski ya mtandao), ujue pia kwamba tangu Linux 2.6.12 `flock` huko hugeuzwa kuwa kufuli la `fcntl`, kwa hiyo lazima faili lifunguliwe kwa kuandika. Sababu nyingine ya 0660.

Hatua ya 5: Andika skripti inayotofautisha "subiri" na "huruhusiwi"

Haya ni mambo mawili tofauti kabisa, na skripti nyingi huyachanganya. La kwanza ni la kawaida, mwenzako yuko ndani. La pili ni kosa la mpangilio na halitaisha hata ukisubiri mpaka jioni.

```
#!/bin/bash
KUFULI=/run/ghala/siku.lock

exec 9<>"$KUFULI" || { echo "Siwezi kufungua $KUFULI" >&2; exit 77; }

if ! flock -w 30 9; then
    echo "Kufuli limeshikwa, nimesubiri sekunde 30" >&2
    exit 75
fi

/usr/local/lib/ghala/funga-siku 9>&-
```

Nimetumia `9<>` badala ya `9>` kwa sababu `9>` inafuta yaliyomo kabla hata hujapata kufuli. Kama mwenzako ameandika PID yake humo, umeshaipoteza. Ile `9>&-` mwishoni inazuia programu ya ndani kurithi kufuli na kuendelea kulishikilia kama itaacha kazi nyuma ya pazia.

Kwa Python:

```
import fcntl, os

def shika(njia):
    fd = os.open(njia, os.O_RDWR | os.O_CLOEXEC | os.O_NOFOLLOW)
    try:
        fcntl.flock(fd, fcntl.LOCK_EX | fcntl.LOCK_NB)
    except BlockingIOError:
        os.close(fd)
        return None
    return fd
```

Hakuna `O_CREAT`, kwa makusudi. Faili lisipokuwepo, programu ilalamike kwa sauti. `PermissionError` nayo nimeiacha ipande juu, isimezwe.

Na ukimaliza usilifute faili. Fikiria A ameshika, B amefungua faili na anasubiri. A analifuta, kisha anaachia. B anapata kufuli juu ya faili ambalo halina jina tena. C anakuja, haoni faili, anaunda jipya, analishika. B na C wote wako ndani, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Faili tupu la kufuli halili nafasi ya maana, liache.

Hatua ya 6: Programu ikilazimika kuunda faili yenyewe

Kuna wakati huna njia, mfano huna haki ya root kwenye mashine. Basi anza kwa ukali, kisha legeza:

```
def unda(njia, gid):
    bendera = os.O_RDWR | os.O_CREAT | os.O_EXCL | os.O_CLOEXEC
    fd = os.open(njia, bendera, 0o600)
    os.fchown(fd, -1, gid)
    os.fchmod(fd, 0o660)
    return fd
```

`fchmod` haipiti kwenye umask, kwa hiyo unapata 0660 kamili. Usibadilishe umask ya programu nzima kwa ajili ya faili moja: umask ni ya mchakato wote, na kama programu ina nyuzi nyingi, uzi mwingine unaweza kuunda faili lake katika sekunde ileile na kupata ruhusa usizozitarajia. Kuna upenyo mdogo kati ya kuunda na kulegeza ambapo mwenzako atakataliwa. Ajaribu tena baada ya muda mfupi. Ni afadhali hivyo kuliko kuanza na 0666 na kutegemea kubana baadaye, maana aliyekwisha kulifungua faili hatolewi na `chmod`.

Andika `0o660`, si `660`. Python ikiona 660 inaichukua kama namba ya kawaida, ambayo kwa mfumo wa nane ni 1224. Ukiwa na umask 022 faili linatoka hivi: `--w----r-T`. Mwenyewe haruhusiwi kulisoma, mpita njia anaruhusiwa. Ukiona herufi T kwenye faili la kufuli, tafuta hiyo sifuri iliyokosekana. Kwenye C kosa la jirani yake ni kusahau kabisa kuandika ruhusa baada ya `O_CREAT`. Faili linapata takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu.

Folda ambamo kikundi kinaunda mafaili yake iwe 2770. Ile 2 ya mbele inafanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Haibadilishi ruhusa, ni kikundi tu, kwa hiyo umask 007 bado inahitajika. Kwa huduma ya systemd ni mistari hii:

```
[Service]
User=mizani
Group=ghala
UMask=0007
```

Hatua ya 7: Kufuli linalogeuka faili

Mtego niliousema ni huu: ruhusa za kufuli ndizo zitakazokuwa ruhusa za faili la kudumu. Tuseme `tuma.conf` ina nenosiri la kutuma takwimu, na ni 0600. Programu inaunda `tuma.conf.lock` kwa ruhusa za kawaida, 0644, inaandika humo, inabadilisha jina. Hakuna kosa lililoonekana, lakini sasa nenosiri linasomwa na kila mtu. Kinyume chake pia hutokea: faili la pamoja lililokuwa 0660 linageuka 0644 na wenzako wanafungiwa nje.

Unda kufuli kwa 0600, andika, nakili ruhusa za faili la awali, ndipo ubadilishe jina:

```
ruhusa = stat.S_IMODE(os.stat("tuma.conf").st_mode)
os.fchmod(fd, ruhusa)
os.fsync(fd)
os.rename("tuma.conf.lock", "tuma.conf")
```

Git hufanya vivyo hivyo kwa faili lake la `config`. Na kama timu yenu inashirikiana hazina moja ya Git kwenye seva, iundwe kwa `git init --bare --shared=group`, ili Git yenyewe irekebishe ruhusa za mafaili inayoyaunda. Kumbuka pia kwamba mmiliki hubadilika: faili linakuwa la yule aliyeliunda kufuli.

Hatua ya 8: Mizani na /run/lock

Mizani iliyounganishwa kwa `/dev/ttyUSB0` ina desturi yake ya tangu zamani: faili `LCK..ttyUSB0` ndani ya `/run/lock`, lenye PID iliyoandikwa kwa nafasi 10, ikitanguliwa na nafasi tupu, na mstari mpya mwishoni. Hili liwe 0644, kwa sababu wengine wanahitaji kuisoma PID.

Anayesoma PID hiyo kwa kawaida hupima kwa `kill -0` kama mwenyewe bado yu hai. Hapo ruhusa zinarudi kwa mlango wa nyuma. `kill -0` inashindwa kama mchakato haupo, na pia inashindwa kama upo lakini si wako. Karani akipima programu ya `mizani` atajibiwa kwa kushindwa, atadhani imekufa, atataka kulifuta kufuli. Angalia `/proc/PID` badala yake, au kwenye Python tofautisha `ProcessLookupError` na `PermissionError`.

`/run/lock` kwenye Debian na Ubuntu kwa miaka mingi imekuwa 1777, kila mtu anaandika, ila ile 1 ya mbele inamzuia kufuta faili la mwingine. Tangu Linux 4.19 kuna ulinzi unaoitwa `fs.protected_regular`: katika folda ya namna hiyo, huwezi kufungua kwa `O_CREAT` faili ambalo si lako, isipokuwa mmiliki wake ni mmiliki wa folda. Root naye anazuiwa. Mtu anaona `Permission denied` akiwa root na anachanganyikiwa kabisa. Usizime ulinzi huo. Upo kwa ajili ya mashambulizi ya kweli. Fungua bila `O_CREAT`, au hamishia kufuli lako kwenye folda yako kama tulivyofanya `/run/ghala`.

Hatua ya 9: Pima kwa kila mtumiaji, kisha zima uwashe

```
for u in mizani tuma karani nobody; do
    if sudo -u "$u" bash -c 'exec 9<>/run/ghala/siku.lock && flock -n 9'
    then echo "$u: sawa"; else echo "$u: amekataliwa"; fi
done
```

Watatu wa kwanza wapite, `nobody` akataliwe. Akipita, rudi hatua ya 4. Pima kwa `9<>` kama hapa, si kwa `flock -n siku.lock true`, kwa sababu amri hiyo ya pili inafungua kwa kusoma tu na inaweza kukuambia sawa wakati skripti yako itagoma.

Mmoja wa watatu akikataliwa, `namei -l /run/ghala/siku.lock` inaonyesha ruhusa za kila folda njiani, moja moja, na utaona ni ipi inayofunga. Kama tatizo ni kusubiri bila mwisho, `sudo lslocks` inakupa PID ya aliyeshika.

Halafu izime mashine na kuiwasha, urudie jaribio lote bila kugusa kitu kingine. Lifanye Septemba, wakati maghala bado matupu.